Mama Povu na Sinki la Matroni

Kama kuna mtu aliyewahi kuamini kwamba dunia yote inaweza kuoshwa ikatakata, basi ni Mama Povu. Jina hilo alipewa na wauguzi, na lilimkaa vizuri hata lile la kwenye karatasi za ajira likabaki huko huko kwenye karatasi. Alikuwa mfagizi wa chumba cha mashine katika hospitali ya rufaa, chumba chenye vitanda sita ambamo wagonjwa mahututi hupumua kwa msaada wa mashine, kila mmoja na bomba lake kooni. Wafagizi wengine walitia kwenye ndoo kijiko kimoja cha sabuni ya unga. Yeye alitia konzi tatu, kisha akasimama kulitazama povu likipanda, kama mpishi anayechunga maziwa yasimwagike.

Kwa miaka ishirini na miwili hakuna aliyekanyaga sakafu yake ikiwa bado na maji akasalimika. Daktari bingwa, mtu mwenye vyeti ukuta mzima, aliwahi kusimamishwa mlangoni viatu mkononi. "Daktari, wagonjwa wako hawaendi popote," Mama Povu alimwambia. "Subiri ikauke." Na daktari alisubiri.

Mahali pamoja tu palimshinda humo chumbani, napo ni kwenye sinki la dirishani. Miaka saba nyuma alikuja na spana kutoka nyumbani, akafungua bomba la chini ya sinki hilo ili, kwa maneno yake mwenyewe, alioshe tumbo. Maji yalitelemka ngazi hadi duka la dawa la ghorofa ya chini, na vidonge vya kikohozi vikaelea kwenye korido. Matroni, mkuu wa wauguzi wa chumba kile, mwanamke aliyenyooka kama rula na mwenye tabasamu la meno meupe yaliyopangika, alibandika karatasi ukutani kwa herufi kubwa: MFAGIZI ASIGUSE SINKI HILI. Akaivalisha na nailoni isilowe. Tangu siku hiyo sinki lilisuguliwa na Matroni mwenyewe, na juu lilimeta kama sahani ya mgeni.

Mama Povu hakubishana. Ila kila siku, baada ya chai ya saa nne, alitazama kushoto, akatazama kulia, akamimina kwenye sinki hilo nusu kikombe chake kilichobaki, pamoja na sukari iliyojikusanya chini. Haikuwa na maana yoyote zaidi ya kumpoza roho. Kama haruhusiwi kuliosha, basi angalau limtumikie.

Sasa kuhusu shemeji.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa fundi wa kuezeka mabati. Mwezi mmoja baada ya mazishi, huyo shemeji aliingia uani kwa Mama Povu, akaibeba ngazi iliyokuwa imeegemea ukuta wa nyuma, akaenda nayo. Ngazi ya marehemu! Marehemu alikuwa fundi saa, mtu aliyeogopa kupanda hata stuli, na ngazi hiyo aliitumia kuanikia suruali, lakini ilikuwa yake. Mama Povu alipodai, shemeji alitazama chini akasema, "Shemeji, haya mambo tuyaache." Mtu mwenye haki hasemi tuyaache. Salamu zikakatika hapo hapo, na kwa miaka miwili kila ndugu, jirani na muuza mkaa alisimuliwa habari za ngazi.

Kisha shemeji akaanguka kutoka kwenye ngazi hiyo hiyo, akiwa anapigilia bati la mtu. Mbavu nne zilivunjika na moja ikachoma pafu. Ukoo mzima ulilia, na Mama Povu naye alilia, lakini katikati ya kilio alisikika wazi akisema, "Si nilimwambia airudishe?"

Wakamlaza chumba cha mashine, kitanda cha nne.

Kila asubuhi, Mama Povu alipofika chini ya kitanda hicho na mopu yake, aliinama akazungumza na mgonjwa kwa sauti ya chini. Shemeji alikuwa amelazwa usingizi wa dawa, bomba kooni, macho yamefungwa. Mama Povu hakuwahi kupata msikilizaji mtulivu namna ile. "Kwa hiyo uliona mjane hana wa kumtetea, eh? Ngazi ya kaka yako. Aliyekubeba mgongoni ukiwa mdogo. Pumua vizuri, nimesikia mashine imelia. Basi, hapo hapo. Sasa, ngazi." Muuguzi mmoja aliyepita karibu alidhani ni maombi, akaitikia amina.

Matatizo yalianzia kitanda cha kwanza, kwa dereva wa lori aliyeletwa na kichwa kilichopasuka. Mapafu yake yalikuwa mazima; baada ya wiki moja yalijaa makohozi mazito na homa ikapanda. Siku tatu baadaye akafuata mwalimu wa hesabu, kitanda cha pili. Halafu mwanamke muuza vitambaa, kitanda cha tatu. Daktari bingwa aliwakusanya wote, hata wafagizi, akawaambia bila kuzunguka kwamba hao hawakuja na nimonia kutoka nyumbani. Wameipata humu ndani. Bakteria wa aina moja wameingia kwa njia ya mabomba, na kama hatujui wanatoka wapi, wataendelea kuingia.

Mama Povu alihesabu kwa vidole. Moja, mbili, tatu. Akatazama kitanda cha nne.

"Vijidudu havipangi foleni, mama," daktari alimwambia alipoona vidole. Mama Povu hakushawishika. Katika miaka ishirini na miwili hajawahi kuona kitu hospitalini ambacho hakikupanga foleni.

Ndipo akaja yule waliyembatiza Tochi, mtaalamu wa maabara aliyekuwa amerudi kutoka mafunzoni siku nne tu nyuma akiwa na taa inayotosha kiganjani. Kwa kawaida, alieleza, ukitaka kumjua bakteria unachukua makohozi, unampanda kwenye sahani ya maabara kama mbegu, unasubiri siku mbili tatu aote. Lakini wako wengine ambao ukiwamulika kwa mwanga wa zambarau wanang'aa wenyewe, papo hapo. Hawawezi kujificha. Alisema hivyo kwa furaha ya mtu ambaye hajawahi kuongea mbele ya madaktari.

Saa tano ya mchana mapazia yalifungwa, taa za dari zikazimwa, zikabaki taa ndogo za mashine tu. Tochi akamulika.

La haula! Koti la daktari bingwa lilimeta bluu kama limeshonwa kwa umeme. Matroni alifungua mdomo kutoa amri, na meno yake yakang'aa yote isipokuwa mawili ya mbele, yaliyobaki meusi tii. Basi chumba kizima kikajua, ndani ya sekunde moja, kuwa hayo mawili hakuzaliwa nayo. Akaufumba mdomo haraka. Lakini wakati huo mwanga ulikuwa umeshafika sakafuni, na sakafu ikang'aa. Mopu ikang'aa. Ndoo, ndani na nje. Aproni ya Mama Povu. Alipoinua mikono yake kujitazama, hata mikono iling'aa, kila ukucha na mstari wake wa mwanga.

"Huyo hapo!" Matroni alisema kupitia meno yaliyofungwa. "Anawapaka wagonjwa vijidudu kwa mopu, kitanda hadi kitanda!"

"Subiri, Matroni," Tochi alisema. Mafunzoni walikuwa wamemulika vidonda. Mopu hakuna aliyewahi kuimulika. "Sijui bado kinachong'aa ni nini. Nachukua vipimo. Siku tatu."

"Siku tatu," Matroni akakubali. "Na wewe mama, katika hizo siku tatu, osha kila kitu upya. Majibu yakija vile ninavyojua yatakuja, ukabidhi ufunguo wa stoo."

Mama Povu aliosha. Alitia konzi sita. Alisugua sakafu hadi magoti yakalia, akaloweka mopu usiku kucha, akafua aproni mara mbili. Kesho yake mapazia yalipofungwa, chumba kiling'aa hata Tochi akakunja macho. "Imezidi!" Matroni alipiga kelele. "Mnaona? Imezidi!"

Nyumbani jioni hiyo alikaa kwenye stuli ya marehemu akiwa amekunja mikono kifuani kama mtu anayeogopa kuigusisha kitu. Binti yake alimwekea chakula, hakula. Kufukuzwa kazi kulimuuma, na kuaibishwa gizani mbele ya wauguzi aliowafahamu tangu wakiwa wanafunzi kulimuuma zaidi. Lakini kilichomtisha kilikuwa kingine. Ikiwa Matroni kasema kweli, basi kila asubuhi yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akimpelekea shemeji kifo kwa mopu, huku akimdai ngazi.

"Mama, utaumwa," binti alisema.

"Heri niumwe mimi," Mama Povu alijibu, akaenda kulala na njaa.

Asubuhi hakupitia stoo. Alikwenda moja kwa moja maabara, akagonga, akaingia kabla hajajibiwa.

"Nataka kumwona," alimwambia Tochi.

"Nani, mama?"

"Huyo kijidudu. Mtu akishtakiwa anaonyeshwa ushahidi. Nionyeshe."

Tochi, ambaye mama yake mzazi alikuwa na sauti ya namna hiyo hiyo, hakuthubutu kukataa. Akatoa sahani ndogo yenye kifuniko, iliyopandwa makohozi ya mwalimu wa hesabu. Kwa macho palikuwa na utando tu wa rangi ya maji ya mchele. Akazima taa ya chumba, akamulika, na utando ule ukawaka kijani.

Mama Povu aliinama mpaka pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kifuniko. Alitazama kwa muda mrefu.

"Huyu si wangu," alisema.

"Unasemaje?"

"Huyu ni kijani. Wangu ni bluu. Nimeutazama siku mbili, kwenye mikono yangu mwenyewe, unafikiri nitausahau? Bluu nyeupe." Akatia mkono mfuko wa aproni, akatoa kijifurushi cha sabuni ya unga alichotembea nacho kwa dharura, akakifungua mezani. "Mulika."

Tochi akamulika. Sabuni ikalipuka bluu.

Tochi alitazama sabuni, akatazama sahani, akavua miwani akaifuta japo haikuwa na vumbi. "Wanaitia dawa ya kung'arisha nguo," alisema polepole. "Ndiyo maana hata koti la daktari... Mama, nisamehe. Siku zote mbili nilikuwa napima usafi."

"Umeupima vizuri," Mama Povu akasema. "Sasa tafuta kijani."

Matroni alipoelezwa alisema, "Haya," na neno hilo ndilo lililopaswa kutosha kuwa radhi. Mapazia yakafungwa kwa mara ya tatu. Tochi alimulika vitanda, mashine, mabomba mapya kwenye mifuko yake, vitasa, mikono ya kila mtu. Bluu hapa, bluu pale. Kijani hakuna. Akamulika sinki la dirishani juu juu. Lilikuwa safi, jeupe, likimeta. Matroni alitabasamu kwa mdomo uliofungwa.

"Chumba hakina kitu," Tochi alisema. "Labda wanatokea nje."

Hapo Mama Povu angeweza kunyamaza. Mopu yake ilikuwa imeshaachiwa huru, ufunguo wa stoo ulikuwa mfukoni mwake. Lakini alikuwa amesimama karibu na sinki lile, na alijua jambo ambalo hakuna mwingine humo aliyelijua: kwamba juu si tumbo. Na tumboni mlikuwa na miaka saba ya chai yake. Moyo ulimwambia sema, ulimi ukamwambia una wazimu, utajifukuzisha mwenyewe.

Taa ziliwashwa. Mashine ya kitanda cha nne ilianza kulia. Makohozi yalikuwa yamejaa kwenye bomba la shemeji. Muuguzi wa zamu alichukua mpira wa kunyonyea makohozi, akafungua bomba la sinki, akausuuza kama walivyofanya siku zote wakiwa na haraka. Maji yalishuka kwa nguvu kwenye tundu, yakaruka juu tena matone matone. Akakung'uta mpira, akageuka kuelekea kitanda cha nne.

"Simama hapo hapo!"

Ilikuwa ile sauti yake ya kuzuia watu kwenye sakafu mbichi, na muuguzi alisimama mguu mmoja hewani.

"Usimguse shemeji yangu na kitu hicho. Chukua kingine, kipya, kwenye mfuko." Muuguzi akachukua kipya, akamhudumia mgonjwa. Mashine ilipotulia, Mama Povu alimgeukia Matroni. "Matroni, mimi namwaga chai kwenye sinki lako."

"Unamwaga nini?"

"Chai. Kila siku, saa nne. Yenye sukari. Huu mwaka wa saba."

"Kwa nini?" Matroni aliuliza, na kwa kweli alitaka kujua.

"Kwa hasira."

Mama Povu aliendelea, na machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi, wala hakuyafuta. "Mahali penye giza na maji, ukipalisha sukari kila siku, mgeni hakosi. Nifukuzeni baadaye. Sasa hivi huyo kijana amulike tumboni."

Taa zilizimwa. Tochi aling'oa kichujio cha tundu la sinki, akaingiza mwanga ndani ya bomba, akachungulia. Alisogea tu pembeni ili wengine waone. Kule chini, kuta zote za bomba zilikuwa kijani. Akaumulika ule mpira ambao muuguzi alikuwa ameutupa kwenye beseni, nao ulikuwa na madoa ya kijani matatu.

"Taa inanyoosha kidole tu," Tochi alisema. "Sahani ndiyo itakayohukumu. Lakini mimi kwenye sinki hili sinawi tena."

Kisha muuguzi wa zamu akakohoa. "Mimi... juisi huwa naimwaga humo. Ikichacha."

"Soda," daktari bingwa akasema kutoka kwenye giza. "Mara moja moja."

Wakamsubiri Matroni. "Maji ya maua," alisema hatimaye. Lakini mezani kwake hapakuwahi kuwa na maua, na kila mtu alikumbuka yale meno mawili, na kwamba kila baada ya chakula cha mchana Matroni huomba apishwe kidogo pale dirishani. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: taa zilipowashwa, Matroni mwenyewe alikwenda ukutani akaibandua ile karatasi pamoja na nailoni yake.

"Ile spana yako," alisema bila kumtazama Mama Povu. "Bado unayo?"

Ilikuwa kwenye mkoba. Ilikuwa kwenye mkoba kila siku kwa miaka saba.

Wagonjwa walihamishiwa chumba cha jirani, maji yakafungwa kwanza safari hii, na Mama Povu, mikono kwenye glavu ndefu, barakoa hadi machoni, akapiga magoti. Kilichotoka mle bombani hakisimuliki kwa watu ambao wanaweza kuwa wanakula. Kilikwenda maabara kwenye mifuko miwili, na baada ya siku tatu sahani zikahukumu: ni yule yule wa vitanda vitatu. Kwa kuwa sasa walimjua kwa jina na kwa dawa inayomweza, dereva alianza kupata nafuu, kisha muuza vitambaa. Mwalimu wa hesabu alichelewa zaidi, lakini naye siku moja aliamka akauliza leo ni tarehe ngapi, akakosoa jibu.

Mama Povu alimfuata Tochi kwenye korido. "Niambie ukweli. Ni chai yangu?"

Tochi hakumdanganya. "Chai yako imo, mama. Na juisi, na soda, na maji ya maua. Tumemlisha wote. Ila aliyesema ni wewe."

Hakufukuzwa. Alipaswa kupewa onyo la maandishi, ambalo Matroni aliliandika kwa mkono wa taratibu sana na kulisahau kwenye droo. Sinki jipya liliwekwa, na juu yake hakuna karatasi.

Wiki iliyofuata shemeji aliondolewa bomba kooni. Mapafu yake yalikuwa safi. Mama Povu alifika kitandani na mopu, akamkuta macho wazi.

"Shemeji," mgonjwa aliita. Sauti ilikuwa kama mlango usiotiwa mafuta. "Nilikuwa nasikia."

"Ulisikia nini?"

"Yote. Kila asubuhi. Ngazi, ngazi, ngazi." Alipumzika kidogo. "Ngazi ilikuwa yangu. Kaka aliiazima kwangu aanike nguo, akakaa nayo miaka sita. Igeuze utazame kipago cha chini, pale pa kukanyagia kwanza. Nimechoma alama yangu kwa msumari wa moto, kama vyombo vyangu vyote."

Mama Povu aliishika mopu kwa mikono miwili. "Na kwa nini hukusema? Miaka miwili, na mdomo unao!"

"Nimseme vipi marehemu mbele ya mjane wake? Kwamba aliazima kitu asirudishe?" Akafumba macho. "Nikaona bora mwizi niwe mimi."

Jioni Mama Povu alipita nyumbani kwa shemeji. Ngazi ilikuwa uani, imelazwa ubavu tangu siku ya ajali. Aliinama akaigeuza, akatazama kipago cha chini. Alama ilikuwepo, imechomwa kitambo, kingo zake zimelainika kwa miaka. Alikaa chini pale pale uani, akacheka, kisha akalia, kisha akaomba ndoo.

Kesho yake alifika kitanda cha nne mapema kuliko siku zote. Alipangusa chini ya kitanda mara moja. Akapangusa mara ya pili. Shemeji alimfuata kwa macho.

"Shemeji," alisema, "leo hakuna kesi?"

"Nyamaza, koo lako halijapona," Mama Povu alisema, akatia mopu kwenye ndoo. "Ngazi yako nimeiosha. Ukienda nayo juani, angalia isikuumize macho."